MJOMBA, KITAMBAA KILIKUWA MITA NNE. MDOMO WAKO MITA NGAPI?

Leo sina picha za nani kapendeza na nani kachemka. Leo nina povu, na nalitoa mwenyewe kabla hamjanitolea.

Juzi niliweka hapa ile klipu ya yule dada msanii, simtaji, mnamjua. Kaenda kwao sikukuu ya Idi na gauni la mgongo wazi. Yuko sebuleni, sahani ya pilau mkononi, mjomba mtu anamwambia mbele ya watu wote, huku simu ya mtu inarekodi, "Humu ndani siyo jukwaani, nenda kajisitiri ndiyo uje ule." Yule dada anacheka kidogo, anaweka sahani juu ya friji, anatoka. Klipu inaishia hapo.

Niliiweka na kichwa cha habari cha kuchekesha, si mnanijua. Komenti zikafurika kuliko siku ya ile ndoa iliyovunjika fungate. Na wengi wenu, tena wadada kabisa, mkaandika kitu kilekile: mjomba kaongea pointi. Mmoja akasema wasanii wamezidi kutembea uchi mpaka kwa wazazi wao. Mwingine, "Angekuwa mwanangu ningemvua hilo gauni nimvishe gunia." Huyo komenti yake ilipata laiki kuliko zote.

Nilikuwa nasoma nacheka. Nilipofika kama komenti ya hamsini nikaacha kucheka, sababu ile sahani juu ya friji nimewahi kuiona mahali. Haikuwa sahani, ilikuwa pochi, na haikuwa friji, ilikuwa meza ya ukumbini Tabata. Ila kile kicheko kidogo ni kilekile.

Mwaka jana tulikuwa na sendofu ya binti wa mama mkubwa. Familia tukapewa kitambaa cha sare, kijani kile cha jani la mgomba, kila mwanamke mita nne, kila mtu apeleke kwa fundi wake. Hapo ndipo mambo yanapoanzia siku zote, maana ukishampa mtu kitambaa ukamwambia apeleke kwa fundi wake, umekubali kwamba nguo zitatofautiana. Wengine wakashona dera, wengine gauni la mikono ya puto, mama yangu akashona sketi na blauzi kama sare ya kwaya. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, akashona gauni refu lenye mpasuo mpaka juu ya goti, juu sana kusema ukweli, na mgongo umeachwa wazi.

Sasa mjue huyu dada ni nani. Ana ofisi yake ya kucha na kope Sinza, kaianza na kistuli kimoja. Kikao cha kwanza cha sendofu ukoo ulipanga kila mtoto atoe elfu hamsini. Yeye alitoa laki tatu. Keki kalipa yeye. Mpiga picha kalipa yeye. Bibi harusi mtarajiwa kucha zake, kope zake, za mama yake, vyote bure. Siku yenyewe alikuwa ukumbini toka saa nne asubuhi anapanga viti, nguo kabadilisha saa kumi na mbili jioni chooni.

Ukafika muda wa neno la familia. MC akampa mjomba maiki. Mjomba akashukuru wageni, akamshukuru Mungu, halafu akamwangalia dada aliyekuwa amesimama karibu na keki yake aliyoilipia, akasema: "Naona wengine wamekuja sendofu, wengine wamekuja disko. Kitambaa tuligawa mita nne, sijui mwenzetu mita mbili kapeleka wapi."

Ukumbi mzima ukalipuka. MC naye, kwa vile MC hapewi hela akae kimya, akadaka: "Mita zimepotea jamani! Mwenye kuziona azilete mezani!" DJ akapiga ile sauti ya king'ora. Watu kama mia mbili hivi, upande wa mume wapo, wateja wake wa Sinza wapo, wanageuka kuangalia paja la mtu.

Dada akacheka kidogo. Akaweka pochi mezani, akavuta kitambaa cha meza iliyokuwa pembeni akajifunga kiunoni kama khanga, akasimama hivyo hivyo mpaka keki ikakatwa. Halafu akaondoka. Pochi tulimpelekea kesho yake.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa narekodi. Nikaiweka statasi na emoji za kucheka nne. Kwenye grupu la ukoo jina likawa ndiyo hilo, Mita Zimepotea. Siku ya tatu WhatsApp ikaandika ameondoka, na hata hilo tulilicheka.

Basi nyie mnaosema mjomba kaongea pointi, twendeni taratibu, maana nimezisoma pointi zenu zote na nimewahi kuziamini.

Wa kwanza mnasema, "Ni utani tu, watu wa siku hizi hawataniki." Mjomba wetu naye alisema hivyohivyo. Jamani, sisi ndiyo tumeumbwa na utani, msitufundishe. Utani una watu wake na sheria zake. Babu na mjukuu wanataniana, mashemeji wanataniana, kuna makabila yanataniana mpaka msibani, mtani anakuja kulala kwenye jeneza na watu wanacheka. Ila sheria kubwa ya utani ni kwamba unayemtania ana ruhusa ya kukurudishia, hapohapo, kwa ukubwa uleule. Sasa niambieni, yule binti angechukua maiki aseme, "Na wewe mjomba hicho kitambi kilichokata vifungo umekipeleka fundi gani?" mngecheka? Mngesema hana adabu, amelaaniwa, ndiyo maana haolewi. Kama mmoja anapiga na mwingine amefungwa mikono, mimi utani siuoni hapo.

Wa pili mnasema, "Mila zetu zinataka binti aonywe." Sawa, aonywe. Na nani? Hapa ndipo vijana wa mjini tunapochanganya, tunatamka neno mila kama vile mila ni kupiga kelele. Nendeni mkaulize bibi zenu. Mambo ya mwili wa binti baba hakuyagusa. Mjomba ndiyo kabisa. Kulikuwa na shangazi, kulikuwa na bibi, watu wa Pwani na Tanga kwetu kulikuwa na somo, mtu maalumu aliyekufunda toka unavunja ungo, na alikufunda chumbani mlango umefungwa. Akiona umekosea anakuita pembeni. Au hasemi hata neno, anakuletea khanga anakuwekea begani kama anakupa zawadi, umeshaelewa. Khanga yenyewe ina maandishi, inaongea kwa niaba yake! Hii ya kumchana mtu kwenye maiki, DJ anapiga king'ora, ni mila ya kabila gani? Hii imeanza na maspika.

Wa tatu ndiyo wazito, wa dini. Mimi Mwislamu, siyo mkamilifu, lakini madrasa nimekaa. Ni kweli dini inamtaka mwanamke ajisitiri, sitawadanganya ili nionekane wa kisasa. Ila Surat An-Nur aya ya 31, ile mnayoipenda ya stara za wanawake, kabla yake kuna aya ya 30. Hiyo inawaanza wanaume, inawaambia wainamishe macho yao. Na 30 inatangulia 31, hata sisi wa fomu foo tunajua. Mjomba aliruka moja akaenda kwenye nyingine. Na Wakristo msicheke huko nyuma, maana kwenye Mathayo sura ya 5 Yesu alipozungumzia kumtazama mwanamke kwa tamaa aliongea na jicho la anayetazama. Hakuongea na fundi cherehani.

Na tukishafika kwenye macho, niseme kitu ambacho kwenye vikao vya ukoo hakisemwi. Kwenye koo nyingi, na msijifanye hamjui, yupo baba mdogo mmoja, au shemeji, au rafiki wa baba wa siku nyingi, ambaye wasichana wote wanajua usikae naye kochi moja. Mkono wake wa salamu unachelewa kuachia. Akikukumbatia anakukumbatia kama anakupima nguo. Mabinti wanaonyana chinichini, "Fulani kaja, vaa sweta." Mama zao wanajua. Nimewauliza dada zangu watatu kabla ya kuandika hapa, wote watatu wamenitajia jina moja bila kuambizana. Huyo mtu hajawahi kushikiwa maiki. Hajawahi kuambiwa "nenda kafunge mikono yako ndiyo uje ule pilau." Anakaa meza ya mbele, anapewa soda ya kwanza. Yaani ukoo mzima una sauti ya kumwambia binti afunike paja, na hauna sauti ya kumwambia mzee afunike mkono. Hapo mimi naona familia inamlinda mtu asiyefaa kulindwa, halafu gharama anapelekewa fundi cherehani.

Wa nne, "zamani watu walijiheshimu." Hapa nilicheka kwa sauti. Zamani ipi? Mnajua kwamba Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita vimini, mawigi, mikorogo na suruali za kubana, ikaitwa Operesheni Vijana, ikaanza kazi rasmi Januari 1969? Na kwamba Oktoba hiyohiyo ya 1968, hata kabla ya tarehe kufika, wasichana walishambuliwa na makundi ya vijana pale Kariakoo kwa ajili ya nguo? Sasa ufanyike mkutano wa chama, litungwe azimio, liwekwe jina la operesheni, kwa nguo ambazo watu hawakuvaa? Walivaa! Hao wasichana wa vimini ndiyo bibi zetu hawahawa. Kwetu kuna albamu, mama mkubwa yupo studio, kapiga afro, kigauni kinaishia pale mnapopajua. Na mjomba wetu mwenyewe, mzee wa mita nne, yupo ukurasa wa pili: bugaluu imembana mapajani mpaka unaona sarafu mfukoni, raizoni za sakafu tatu, shati vifungo vitatu wazi. Kapendeza, sikatai. Ila alipokosa kitambaa juu kule chini alifagilia barabara, na hakuna aliyemuuliza mita.

Na hii ya kumwambia mwanamke "nenda kavae ndiyo urudi" imetuzoea mpaka sehemu zenye heshima. Juni 2021, bungeni Dodoma, mbunge mwanamke alitolewa nje kwa ajili ya suruali. Mwenzake mwanaume ndiye aliyesimama kulalamika, Spika akamwambia atoke akavae vizuri ndiyo arudi. Picha mliziona, suruali nyeusi ndefu mpaka chini na blauzi ya njano. Siyo mpasuo, siyo mgongo wazi, suruali. Wapo wabunge wanawake waliosimama wakataka aombwe radhi. Kwa hiyo anayefikiri akivaa vizuri ataachwa, ajue hicho kipimo cha "vizuri" kinashikwa na mtu mwingine, na kinasogea.

Na jirani zetu wa Nairobi walionja mbele ya hapo. Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume vituoni, kisa eti wamevaa vibaya, video zikazunguka, mpaka tarehe 17 wanawake wakaandamana mjini kusema nguo yangu ni uamuzi wangu. Hapa atatokea mtu aseme, we mwandishi unakuza mambo, mjomba wa pilau na wahuni wa stendi wapi na wapi. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema wale wahuni hawakuzaliwa stendi. Kuna sebule walikulia. Kuna mtoto wa miaka minane siku ile Tabata alikuwa amekaa miguuni kwa baba yake, akaona mjomba anamgusa mtu kwa maneno na watu mia mbili wanapiga makofi. Na mwenzangu uliyeandika utamvua binti yako umvishe gunia, hebu rudia kusoma ulichoandika. Utamvua.

Msinielewe vibaya. Sijasema kila nguo inafaa kila mahali. Msibani kuna vazi lake, msikitini kuna vazi lake, na kwenda ukweni na kipensi ni kujitafutia kesi. Mimi binafsi ule mpasuo ulinizidi, ningekuwa fundi ningemshauri apunguze inchi nne. Ila maoni ninayo mengi, na siyo kila oni lina tiketi ya kutoka mdomoni. Kama una jambo, una siku nzima kabla ya shughuli. Kamati ina grupu la WhatsApp linalotuma jumbe mia kwa siku za michango, lishindwe kuandika mstari mmoja kwamba wazee wa upande wa pili ni watu wa dini, tujisitiri? Ukichelewa, kuna mlango wa jikoni, mwite pembeni, umwambie taratibu, umpe na khanga. Na awe mtu ambaye kapata haki hiyo. Anayempigia simu akiumwa. Siyo mtu ambaye mara ya mwisho kumtafuta ilikuwa ya kuomba mchango!

Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko zote. Laki tatu za dada zilipokelewa kwa mikono miwili. Mweka hazina hakuuliza zimetoka kwenye gauni gani. Mchango wake haukuwa na mpasuo. Hata huyu msanii wetu, ulizeni kwao bati la ile nyumba lilitoka wapi, sebule ile aliyofukuzwa ilipakwa rangi na nani. Mgongo wake mbaya sebuleni, ila ndiyo uliobeba saruji.

Mtauliza, na wewe je, blogu yako si ndiyo inaishi kwa picha za mapaja? Kweli. Miaka miwili hapa nimewapima wasanii kama mbuzi wa Pugu, nani kachemka, nani kajiachia. Najitetea kwamba wale wanapanda zulia jekundu kupigwa picha, ni kazi yao na yangu. Labda. Nikipiga hesabu sina uhakika sana na utetezi wangu. Ila najua kwamba mtu akishafunga mlango wa kwao, akavua viatu, akashika sahani, hapo siyo msanii tena. Ni mtoto wa mtu kaja kula. Ile klipu nimeitoa, mnaouliza mbona linki haifunguki ndiyo sababu.

Mwezi uliopita bibi yetu alifariki, kwetu Muheza. Ndiye aliyemlea dada mpaka darasa la saba, mama yake alikuwa mjini anahangaika. Tulijaza basi zima toka Dar. Dada hakuwemo. Alituma laki tano, ya sanda na usafiri, na mweka hazina akaipokea tena kwa mikono miwili. Wajomba wakasema kajitenga, mjini kumempa kiburi. Siku tatu zikaisha, tukaondoka.

Jirani ndiye aliyetuambia baadaye. Siku mbili baada ya sisi kuondoka alikuja peke yake, baibui mpaka chini na ushungi. Alilala kwa jirani, asubuhi akaomba aonyeshwe kaburi, akakaa kule mpaka jua likawa kali, akapanda gari la Segera akarudi. Nyumba ya bibi hakuingia. Jirani alimwambia mwenye ufunguo ni mjomba, yupo hapa karibu, ngoja nimwite, akasema basi.

Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Juzi nimempigia dada, simu ya kwanza toka sendofu. Kapokea. Tumeongea habari za umeme Sinza, kodi ya fremu, mteja aliyemkimbia na kope za elfu thelathini. Nikamwomba msamaha kwa ile statasi, akasema, "Ilikuwa na emoji nne, nilizihesabu." Halafu akasema ana mteja, akakata. Sijui kama atakuja. Jana nimemwambia mama aongee na kaka yake, asije akamsemesha dada chochote pale nyumbani, hata kwa utani, hata kumsifia. Mama kaniangalia akasema yeye siku ile hakusema kitu. Ni kweli, hakusema kitu. Hakuna mtu aliyesema kitu.

Komenti ziko wazi, tukanane kwa adabu. Na ukija kuniandikia mjomba kaongea pointi, anza kwanza kunitajia mara ya mwisho ulipompigia huyo mpwa wako ilikuwa lini na ulikuwa unataka nini.